Nani Aseme "Turudi"?

Katika kata ya Shirimatunda, kama katika kata nyingine za Manispaa ya Moshi na katika vijiji vya Marangu, Machame na Kibosho, wako vijana wengi ambao riziki yao hutoka mlimani. Wengine ni wapagazi, wengine wapishi, wengine ni wasaidizi wa waongozaji. Kazi zao ni mbalimbali, lakini shabaha ya wengi wao ni moja, nayo ni kupata siku moja kibali cha kuwaongoza wageni mpaka kileleni. Wazazi nao huwatakia hivyo, wala si ajabu, maana mwongozaji hupata ujira mzuri kuliko mpagazi, tena heshima yake ni kubwa mjini na kijijini. Jambo hili ni jema, wala hatuna neno la kulipinga. Lakini leo twapenda kuwaalika wasomaji wetu wafikiri pamoja nasi swali moja juu ya mafunzo ya kazi hiyo. Hatuulizi kijana ajue mambo mangapi ndipo astahili kuongoza. Twauliza awe mtu wa namna gani.

Kazi yenyewe si mpya. Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na majina yao yameandikwa katika vitabu vingi. Lakini chini yao, katika baridi, alikaa Mwini Amani, mtu wa Pangani, akiilinda kambi yao. Na wenyeji wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wa njia wa siku zile. Kileleni hufika wachache, lakini hajapata kufika mtu yeyote kwa nguvu za miguu yake peke yake. Tangu mlima ulipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977, kazi hii imekuwa na sheria, vibali na mafunzo. Siku hizi mgeni hapandi pasipo mwongozaji mwenye kibali.

Basi, mwongozaji hufundishwa nini? Hufundishwa njia na vituo vyake, mimea na wanyama, lugha ya wageni, na namna ya kumhudumia aliyeumia. Lakini zaidi ya yote hufundishwa kuujua ugonjwa wa mwinuko. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko kila pumzi humpa mtu nusu tu, au karibu na nusu, ya hewa safi aipatayo pwani. Mwili ukipandishwa haraka mno, kichwa huuma, chakula hakitakiwi, usingizi hukimbia. Hayo ni mambo madogo. Hali ikizidi, maji hujaa mapafuni hata mtu akakosa pumzi akiwa ameketi; au ubongo huvimba, naye huyumbayumba kama mlevi na kusema maneno yasiyopatana. Hapo kifo ki karibu. Mwongozaji huangalia kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni. Humwambia mgonjwa atembee kwa mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Dawa zipo, na hewa ya mitungi ipo, lakini dawa iliyo kubwa kuliko zote haiuzwi dukani, nayo ni kushuka.

Tuangalie sasa kazi nyingine iliyo ndugu ya hii, kule Uganda. Karibu na Jinja, ambako mto Nile hutoka katika ziwa Victoria, watu wamekuwa wakishuka mikondo mikali kwa mashua za mpira tangu mwaka 1996. Huko pia vijana wa Kiafrika hujifunza kuongoza wageni. Mafunzo yao ni magumu. Kijana hutupwa majini na kuuogelea mkondo mwenyewe, amelala chali, miguu ikitangulia, ili ipokee mwamba badala ya kichwa. Huipindua mashua kwa makusudi na kuigeuza tena. Hujifunza kurusha kamba ya kuokolea, na kuwaamuru watu sita au saba wapige makafi kwa pamoja. Zaidi hujifunza kuyasoma maji: wapi yanapita, na wapi yanazunguka na kumshika mtu asitoke. Mikondo hupangwa kwa daraja, toka la 1 mpaka la 6, na hilo la 6 si la kupitisha wageni. Penye maporomoko ya Itanda, mahali pabaya kuliko pote, wageni hushuka mashuani, wakapita nchi kavu, kisha huingia majini tena upande wa chini.

Tena mto huo umetufundisha jambo ambalo si dogo. Bwawa la Bujagali lilipojazwa maji mwaka 2011, mikondo mingi iliyojulikana sana ilizama. Bwawa la Isimba lilipokamilika mwaka 2019, mingine ikaifuata. Waongozaji walioijua kila jabali ya mto ule walijikuta wakianza upya. Hata mlima wetu haukukaa vile vile: zaidi ya robo tatu ya eneo la barafu la Kibo lililokuwapo mwaka 1912 limekwisha kutoweka. Kwa hiyo yule anayedhani kwamba uongozi ni kuijua njia tu, amejenga juu ya mchanga. Njia hubadilika. Kinachobaki ni mtu mwenyewe, na uamuzi wake pale mambo yanapogeuka.

Na uamuzi ulio mgumu kuliko yote, mlimani na mtoni, unakaa katika neno moja: "Turudi." Au kama wasemavyo mtoni: "Hapa hatupiti." Neno hili ni fupi, hata mtoto aweza kulitamka. Lakini fikirini linatamkwa lini. Linatamkwa usiku wa manane, juu ya Kibo, katika baridi inayogandisha maji chupani, baada ya siku tano au sita za mwendo. Mgeni ametoka mbali, amelipa fedha nyingi, pengine ameweka akiba miaka mingi, na amewaahidi jamaa zake picha ya kileleni. Kilele ki mbele yake, saa mbili tu. Na anayepaswa kumwambia "Turudi" ni kijana wa miaka ishirini na mitano, ambaye bahashishi yake ya safari nzima imo mkononi mwa mgeni huyo huyo, na ambaye mwajiri wake hujisifu kwa hesabu ya wageni waliofika juu. Akilitamka neno, huenda akarudi nyumbani mikono mitupu. Asipolitamka, huenda asijue kamwe kwamba alikuwa amekaribia kumwua mtu, maana wengi huponea chupuchupu, na kuponea kwao huonekana kuwa ushindi.

Huenda msomaji akauliza: Kijana huyu ana haki gani ya kumkataza mtu mzima? Mgeni si mtoto. Fedha ni zake, na uhai ni wake. Amekuja mlimani kwa sababu mlima una hatari. Kama angalitaka usalama mtupu, angalibaki kwao. Je, si dharau kumfanya kama mtu asiye na akili zake? Hoja hii ina uzito, nasi hatuna budi kuijibu kwa haki. Mwanadamu ana uhuru, na uhuru wa kweli una ndani yake uhuru wa kujitaabisha. Hatuwezi kusifu uhuru pale tu unapochagua godoro.

Jibu la kwanza ni hili. Ugonjwa wa mwinuko hauushiki mguu, wala mkono. Katika hali yake mbaya huishika akili yenyewe. Mtu mwenye kuumwa namna hiyo husema, "Mimi mzima, twende," naye husema kwa moyo wote, kwa kuwa kile ambacho kingemwambia kwamba ni mgonjwa ndicho kilichougua. Sasa, mtu huyo alipokuwa chini langoni, akili zake zikiwa timamu, alikubali kupanda na mwongozaji. Alikubali nini? Kama ni kuonyeshwa njia tu, njia inaonekana, imekanyagwa na maelfu. Alikubali kuwa na macho ya pili, yatakayoona siku macho yake yatakapopofuka. Basi mwongozaji anaposema "Turudi", havunji mapenzi ya mgeni. Anayatii mapenzi yale yaliyo ya kweli, yaliyosemwa chini, na kuyakataa yale yaliyosemwa na ugonjwa.

Lakini jibu hili lina mpaka wake, na yatupasa kuuonyesha. Wako wageni ambao si wagonjwa, bali wamechoka tu. Wanalia, wanaapa kwamba hawatapanda tena, na bado wanaweza kupanda. Kwa mtu wa namna hiyo, mwongozaji hana ruhusa ya kuwa mtawala. Kazi yake ni kumwambia kweli yote, "Hali yako ni hii, njia iliyobaki ni hii," kisha amwache achague, na kumsaidia katika alichochagua. Tusisahau kwamba neno "Turudi" laweza pia kutumiwa vibaya. Mwongozaji mvivu, au mwenye haraka ya kulala, aweza kumtisha mgeni mzima ili amrudishe kambini mapema. Neno ni lile lile, saa ni ile ile, lakini mmoja ameokoa na mwingine ameiba. Tofauti haionekani kwa macho ya nje. Imo katika dhamiri ya msemaji, na katika ujuzi wake wa kupambanua uchovu na ugonjwa. Ndiyo maana ujuzi na wema havitengani katika kazi hii: mwema asiyejua atawarudisha walio wazima na kuwapandisha wagonjwa, ajuaye asiye mwema atalitumia neno kwa faida yake.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, nalo ni kwamba hatari ya mlimani haiwi ya mtu mmoja. Mgeni akianguka juu, hashuki kwa uhuru wake. Hushushwa kwa machela, usiku, juu ya changarawe na mawe, na vijana ambao hawakuulizwa kama wanapenda. Mtoni pia, anayezama humvuta anayemwokoa. "Uhai ni wangu" ni neno la kweli mpaka pale mtu mwingine anapolazimika kuuweka wake rehani.

Na hapa twafika penye jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, yaani hali ya mpagazi. Kwa kila mgeni mmoja hupanda wapagazi kadhaa. Hao hawakulipa chochote, na kwa sababu hawakulipa, sauti yao ni ndogo. Wao pia wana mapafu. Nao pia ni watu wa kuugua mwinuko, hata kama wamezaliwa chini ya mlima, maana Moshi iko chini sana ya Kibo. Sheria husema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Na tangu mwaka 2003 kimekuwapo mjini Moshi chama cha kuwatetea wapagazi juu ya ujira, chakula, mavazi na mahali pa kulala. Mambo haya yamesaidia. Lakini sheria hukaa langoni penye mizani, na mwongozaji hukaa na mpagazi siku zote za safari. Twasema basi: ukitaka kumpima mwongozaji, usimwangalie anavyomsikiliza mgeni anayekohoa. Mwangalie anavyomsikiliza mpagazi anayekohoa. Akimwambia wa kwanza "Keti, nikupime," na wa pili "Jikaze, wewe ni mwanamume," huyo hajajifunza kuokoa watu. Amejifunza kulinda fedha.

Plato, mwanafalsafa wa Wayunani wa kale, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, amemwonyesha Socrates akipambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Tabibu, asema, hupata ujira kwa kuponya. Lakini ufundi wa kuponya ni mmoja, na ufundi wa kupata ujira ni mwingine. Tabibu akiwa tabibu, huangalia faida ya mgonjwa. Na nahodha akiwa nahodha, huangalia usalama wa mabaharia. Ujira ni halali yake, lakini si ujira unaomfanya awe nahodha. Maneno haya yafaa sana kwa mlima wetu. Mwongozaji anastahili kulipwa, tena kulipwa vizuri. Lakini saa ya hatari hutenganisha fundi wawili waliokuwa ndani yake: mmoja wa kuongoza, na mmoja wa kupata fedha. Siku zote walikwenda pamoja bila kugombana. Saa hiyo kila mmoja huvuta upande wake.

Je, ujasiri wa kusema "Turudi" hufundishika? Wengine husema mtu huzaliwa nao. Sisi twaona afadhali kumfuata Aristotle, aliyefundisha kwamba wema hupatikana kwa kutenda, kama vile mpiga kinubi awavyo mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Tena alisema ujasiri hukaa katikati, kati ya woga na ujinga wa kutojali hatari. Ikiwa ndivyo, basi hakuna atakayelitamka neno kubwa Stella Point kama hakuyazoea maneno madogo chini. Kijana anayeona mzigo wa mwenzake umezidi kilo akanyamaza, anajifunza kunyamaza. Anayemwuliza mgeni hali yake asubuhi na kuandika jibu la uongo ili safari isicheleweshwe, anajifunza uongo. Lakini anayeamka usiku kumsikiliza aliye hemani anavyopumua, anayemwambia mkubwa wake kwa adabu, "Kaka, huyu hayuko sawa," huyo anajijenga kidogo kidogo. Hata kule Jinja, kijana hutangulizwa majini mwenyewe kabla ya kukabidhiwa watu, ili hofu ya mtu anayezama aijue kwa mwili wake, si kwa kusimuliwa. Na kwetu, wengi wa waongozaji walianza kwa kubeba mizigo. Hiyo ni shule, kama mtu hakuisahau siku alipopata kibali.

Shule hiyo huhitaji walimu. Msaidizi hujifunza kwa kumtazama mkuu wake. Akimwona mkuu mwenye jina kubwa akigeuka nyuma mita mia moja chini ya kilele, bila aibu, kwa ajili ya mtu mmoja, amepata somo ambalo darasa haliwezi kulitoa. Na akimwona anapita mbele kwa ajili ya bahashishi, amepata somo pia.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kumtwika kijana mmoja mzigo huu wote, na sisi tukakaa kando tukimhubiria. Wema unaomgharimu mtu chakula cha watoto wake kila mara anapoutenda hauwezi kudumu, isipokuwa kwa mashujaa. Na kazi ya kila siku haiwezi kutegemea mashujaa. Wenye kampuni yawapasa kumlipa mwongozaji ujira wa kutosha, ili bahashishi iwe shukrani, isiwe mshahara. Yawapasa kumtetea aliyerudisha mgeni kwa haki, badala ya kumnyima safari ijayo. Yawapasa kuuza safari za siku nyingi kuliko za siku chache, maana mwili huzoea mwinuko polepole, na siku iliyopunguzwa kwa ajili ya bei nafuu hulipwa na kichwa cha mtu. Mgeni naye, kabla ya kupanda, angefanya vema kumwambia mwongozaji mbele ya wote: "Ukisema turudi, nitarudi, na haki yako utaipata." Maneno hayo machache yangefungua vinywa vingi.

Na sisi wa Moshi tuna sehemu yetu. Safari inaporudi, swali la kwanza tulilozoea kuuliza ni, "Wangapi wamefika?" Kwa swali hilo twawafundisha vijana wetu jambo tunaloliheshimu. Si swali baya. Kufika ni furaha, na mwongozaji aliyewafikisha wageni wote ana haki ya kufurahi. Lakini lisiwe la kwanza. La kwanza na liwe, "Wote wamerudi wazima?" na katika hao "wote" ahesabiwe mpagazi wa mwisho kabisa, aliyebeba mahema na ambaye jina lake mgeni hakulijua. Baba na mama wa mwongozaji wakianza kuuliza hivyo mezani, na wenye kampuni wakiuliza hivyo ofisini, kijana aliye juu usiku wa manane atajua kwamba anaposema "Turudi" hayuko peke yake, na kwamba nyumbani hakuna atakayemcheka. Mlima hauhami. Aliyerudi leo aweza kupanda mwaka kesho.